Kama unataka kuwajua Morning Musume, anzia kwenye "Ai no Tane"

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi na Morning Musume, kundi la wasichana waimbaji wa pop kutoka Japani, huwa wameshaelekezwa kwenye "Love Machine" ya Septemba 1999. Naupenda sana wimbo huo, lakini ushauri wangu ni uleule siku zote: anza na singo ya kwanza kabisa, "Ai no Tane". Kundi hili huingiza na kuaga wanachama mpaka leo, na mgeni anayedandia katikati husikia sauti nyingi bila kujua ipi ni ya nani. Kwenye "Ai no Tane" wako watano tu.

Kijue kwanza kisa chake. Mwaka 1997 kipindi cha ASAYAN cha TV Tokyo kilikuwa kikisaka mwimbaji wa kike wa roki, na ushindi ukaenda kwa Michiyo Heike. Tsunku, mwimbaji wa bendi ya Sharan Q, akawachukua watano walioshindwa na kuwapa sharti: uzeni nakala 50,000 za "Ai no Tane" wenyewe, kwa mkono, ndani ya siku tano, ndipo mtaingia rasmi kwenye muziki. Wakaanza Osaka tarehe 3 Novemba, wakaenda Fukuoka na Sapporo, wakamalizia Nagoya. Siku nne zikatosha. Yuko Nakazawa, mkubwa wao, alikuwa na miaka 24 na ametoka kwenye kazi ya ofisini. Asuka Fukuda alikuwa na miaka 12.

Sasa vaa hedifoni, na video iache kwanza. Mtafute Fukuda. Sauti yake imekomaa kuliko umri wake, na mimi hadi leo nikiisikia huacha ninachofanya. Huyu mtoto aliondoka kundini Aprili 1999, kwa hiyo anayeanzia "Love Machine" hakutani naye kabisa! Ukishamshika, msikilize Natsumi Abe, mwenye sauti nyepesi na angavu zaidi. Kisha rudia wimbo ukimfuata Nakazawa peke yake, halafu Kaori Iida na Aya Ishiguro. Usiharakishe. Sauti tano zikikukaa sikioni, hata kiitikio wanachoimba kwa pamoja utaanza kukichambua mwenyewe.

Baada ya hapo nenda "Morning Coffee" ya tarehe 28 Januari 1998, singo yao ya kwanza chini ya kampuni kubwa. Hii ameitunga Tsunku mwenyewe ("Ai no Tane" hakuitunga yeye), na ni tulivu zaidi. Zisikilize mbili hizi zikifuatana.

Ukibahatika kupata CD yenyewe iliyotumika, itakuwa ile ndogo ya sentimita 8, yenye kava refu jembamba, kama zilivyokuwa singo nyingi za Japani miaka hiyo. Icheze kwenye deki ya kufungua trei, yenye duara dogo katikati. Usiiingize kwenye redio ya gari inayomeza CD. Itanasa humo, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Mei 1998 ikatoka "Summer Night Town", wakiwa wameongezeka Mari Yaguchi, Kei Yasuda na Sayaka Ichii. Hapo jipime: icheze bila kutazama majina, uone kama utawatenga wageni watatu na wenyeji watano.