Re: Mchele wa Kyela kwenda Zambia, mbona wote tupo SADC?

Mkuu, umeuliza mbona mchele wa Kyela bado unasumbuliwa kuingia Zambia wakati wote tupo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Ni hivi, SADC ilifungua eneo huru la biashara 2008, ushuru wa forodha ukatoka kwa bidhaa nyingi, ila makaratasi hayajatoka, bado unadaiwa cheti cha uasili (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) na cha afya ya mimea, halafu Zambia na Malawi wapo pia COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo sisi Tanzania tulijitoa 2000, kwa hiyo ile fomu rahisi ya wafanyabiashara wadogo ya huko haituhusu. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma-Nakonde, kati yetu na Zambia, cha 2019 kimesaidia malori. Lakini juzi nimemkuta mama mmoja kakalia gunia lake la mchele toka asubuhi, kwacha kafunga kwenye pindo la kanga, hajui aanzie karatasi gani. Inauma sana aisee. Wewe vyeti fuatilia kabisa ukiwa bado Mbeya.