Wasomaji Wauliza: Baba Anataka Niwe Daktari, Mimi Napenda Kompyuta

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza Kidato cha Sita kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na nimefaulu vizuri masomo yote 3. Baba yangu ni tabibu katika zahanati ya kijijini kwetu, na tangu nikiwa darasa la nne ananiita "daktari". Kwa miaka 2 sasa nimekuwa nikijifunza kuandika programu kwa simu, na nikianza sioni saa zinavyokwenda. Mwaka jana bibi yangu alilazwa hospitali moja, faili lake likapotea mara 2, akatolewa damu upya kwa vipimo vilevile, na aliporuhusiwa hatukupewa maelezo yoyote ya maandishi. Hadi leo nikikumbuka hasira inanipanda. Je, nisome udaktari au kompyuta?
Msomaji wa kike, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeirudia barua yako mara kadhaa, na kilichonigusa ni kwamba umelieleza faili la bibi kwa urefu, lakini hukutaja alikuwa akiumwa nini. Sikulaumu hata kidogo. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi, nikaona kwamba watu wawili wanaweza kusimama mbele ya kitanda kimoja na kila mmoja akakosa usingizi kwa jambo lake: mmoja anataka kujua kwa nini homa haishuki, na mwingine kwa nini majibu ya maabara yaliyokuwa tayari asubuhi yamefika wodini jioni. Mgonjwa anawahitaji wote wawili, ila hawasomei kozi moja.

Udaktari ni miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo usajiliwe kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni kazi ya kurudi kwa mtu yuleyule aliye na maumivu, usiku wa manane, ukiwa umechoka, na kumsikiliza kana kwamba ndiye wa kwanza. Wapo watakaokushauri uanze na udaktari kwa sababu daktari anaweza kujifunza programu baadaye, ilhali mtaalamu wa kompyuta akitaka udaktari atalazimika kuanza mwaka wa kwanza. Wanasema kweli, lakini mimi sikubaliani na ushauri huo, kwa maana anayeingia wodini huku moyo wake uko kwingine gharama yake huilipa mgonjwa.

Upande wa kompyuta nao usiuone kuwa mteremko. Cheti peke yake hakikupi kazi. Utapimwa kwa ulichotengeneza, na utajifunza upya kila baada ya muda mfupi. Simu imekufungulia njia, lakini haitakufikisha mbali.

Hasira uliyonayo, hata hivyo, ina fani yake. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa vifaa tiba. Vituo vingi vya afya vya serikali vinatumia mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS kusajili wagonjwa, kuandika matibabu na kukusanya malipo, na takwimu za afya za nchi nzima hupitia DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameushughulikia kwa miaka mingi. Mifumo hii inahitaji watu wanaoijua programu na pia wanaoelewa kwa nini muuguzi mwenye wagonjwa 40 hawezi kujaza kurasa 6 kwa kila mmoja. Niliwahi kuona mfumo mzuri ukiachwa kwa sababu tu aliyeutengeneza hakuwahi kukaa wodini hata zamu moja. Biolojia yako haitapotea bure huko.

Kabla hujaomba chuo, mwombe baba ruhusa ya kukaa naye kazini kwa mwezi mmoja. Siku nyingine saidia mapokezi, na kwa idhini ya wagonjwa umwone anavyowahudumia. Mwisho wa mwezi kaa naye anapojumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, kwa mkono, mstari kwa mstari. Jioni, mkiwa mezani, angalia unamuuliza nini: habari za yule mtoto aliyeletwa na degedege, au kwa nini idadi ya kitabu kimoja haikulingana na ya kingine. Baba naye atayasikia maswali hayo, na mzee aliyezisumbukia takwimu hizo miaka yote huenda akakuelewa kuliko unavyodhani.

Wakati huohuo, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu na usome masharti ya kila kozi unayoifikiria, hasa kiwango cha hisabati, kwa kuwa baadhi ya kozi za kompyuta hudai hisabati ya juu ambayo wewe wa PCB hukuisoma. Ukikuta sharti hilo, andikia chuo husika uulize mapema, kabla dirisha la maombi halijafungwa.