Kwa mnaoanza kumhudumia mgonjwa wa Huntington

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye nyumba za kutunza wagonjwa huku Uingereza, mtakutana na ugonjwa ambao pengine hamkuwahi kuusikia nyumbani. Huntington ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na jeni yenye kasoro, nao hurithiwa: kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata. Jeni iligunduliwa mwaka 1993, ila tiba ya kuuponya bado haijapatikana. Dalili huanza mara nyingi kati ya miaka 30 na 50, mtu akiwa bado analea.

Utaona mwili usiotulia: bega linapanda, vidole vinachezacheza, mguu unaruka wenyewe. Usimwambie atulie, wala usimshike kwa nguvu. Hana uwezo wa kuzuia, na akibabaika viungo huzidi kucheza. Wengine hata hawajui kwamba wanacheza, maana ugonjwa umegusa pia sehemu ya ubongo ya kujitambua. Akisema hakukipiga kikombe, hadanganyi.

Chakula ndicho kitakachokula muda wako mwingi, na kinastahili. Ulimi na koo navyo havimtii, kwa hiyo hupaliwa kwa urahisi, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia, ambayo huua wengi wao. Mkalishe wima, viwiko vyake vikiwa mezani. Zima televisheni. Usimwulize kitu akiwa anatafuna. Subiri ameze ndipo umpe tonge lingine. Kijiko kizito chenye mpini mnene humsaidia, pamoja na sahani yenye ukingo iliyowekwa juu ya mkeka usioteleza. Chai iwe vuguvugu, kwenye kikombe chenye mfuniko, kwa sababu mkono uliokamata vizuri sasa hivi unaweza kuachia ghafla. Halafu mpime uzito mara kwa mara. Watu hawa hukonda hata wakila vizuri, na wengi huhitaji chakula kingi kuliko wewe. Sipendi kabisa kusikia mhudumu akimwita mgonjwa wa namna hii mlafi.

Kiti kiwe kizito, kirefu cha mgongo, chenye mikono. Kitanda kishushwe chini.

Mkitoka naye, wapo watakaodhani amelewa. Tembea kando yake bila haraka, na ukiulizwa, jibu kwa kifupi kwa ridhaa yake.

Dawa kama tetrabenazini hupunguza mijongeo, lakini inaweza kuleta sonona, na ugonjwa wenyewe huongeza hatari ya mtu kujiua. Akinyamaza kuliko kawaida yake, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Miaka ikienda, mijongeo huweza kupungua. Ndugu zake watafurahi, na utaumia kuwaeleza kwamba hajapona: mwili umeanza kukakamaa. Hapo omba umezaji wake upimwe upya, na mgeuze kitandani mara kwa mara asipate vidonda. Hata maneno yakimwishia, mara nyingi bado anakuelewa. Muulize swali moja la ndiyo au hapana, kisha ungoje. Jibu huchelewa, lakini huja.