Yule asiyepiga kelele

Nilikuwa tabibu mchanga, zamu ya usiku, Tanga. Wakaletwa majeruhi wawili wa bodaboda kutoka njia ya Pongwe, na wa pili kaletwa mshikaki, kabanwa kati ya dereva na rafiki, kichwa kinaning'inia. (Kichwa kikining'inia hivyo kinaziba njia ya hewa. Mlazeni kwenye gari, hata kama ni kirikuu cha mbogamboga.)

Wa kwanza mguu umechanika, anapiga mayowe mpaka mlinzi kaja kuchungulia. Nikamkimbilia yeye. Darasani nilishafundishwa kwamba anayepiga kelele walau anapumua, lakini mayowe yanavuta bwana! Wa pili kaachwa benchini, anahangaika, anaomba maji tu.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akamshika mkono. "Dokta, mwanangu, njoo kwanza huku. Huyu wa baridi."

Mapigo 130. Fupanyonga limevunjika, damu inamwagikia ndani, nje hakuna hata tone. Mama akatoa kanga mkobani, tukaikunja ikawa pana kama shubiri, tukaipitisha chini yake na kuikaza. Si kiunoni, watu wengi hukosea hapo. Ni chini zaidi, pale mifupa ya mapaja inapotokeza ubavuni. Magoti tukayafunga pamoja, tukamfunika blanketi, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Ikafuata damu ya kuongezewa. Kulipokucha alikuwa anauliza pikipiki yake iko wapi.

Tangu siku ile natafuta damu mahali patano: sakafuni, kifuani, tumboni, kwenye nyonga, mapajani. Paja moja likivunjika linaweza kumeza lita nzima na ushee, na mtu mzima ana lita 5 hivi tu.

Wewe uliyeko barabarani, pigeni 112, halafu kandamiza jeraha kwa kitambaa, uzito wote kwenye kiganja. Usifunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka haikomi, funga kitambaa kipana juu kidogo ya jeraha, si palepale kwenye jeraha bali upande unaoelekea kiwiliwili, kaza kwa kijiti mpaka ikome, uandike saa uliyofunga kwenye ngozi yake. Maji asipewe hata akilia. Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, atumwe ndugu mmoja aifuate kituoni, ninyi wengine mko hospitali mnaendelea kukandamiza.