Upatu mmoja, mitandao mitatu: kwa wanaoanza

Wengi wanaoanza kusoma mitandao, yaani jinsi watu au vitu vinavyoungana, hapa Unguja huja na picha kichwani: vidoti, mistari na rangi za kupendeza. Picha ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni kuamua kidoti ni nani na mstari ni kitu gani, na makosa mengi huzaliwa hapo, kabla kompyuta haijawashwa.

Chukueni upatu wa watu 12, kijumbe akiwa mmoja wao. Mkisema mstari ni "nani anamkabidhi nani fedha mkononi", mnapata mistari 11, yote inaishia kwa kijumbe. Mkisema ni "fedha ya nani humfikia nani mzunguko ukishakwisha", kila mtu ameungana na kila mwenzake: 12 × 11 ÷ 2, yaani mistari 66. Mkisema ni "nani alimleta nani na kumdhamini", mnapata mti wenye matawi, mistari 11 tena, lakini imekaa vingine kabisa. Watu ni wale wale. Kijumbe akiugua, mtandao wa kwanza unabaki watu 11 wasio na mstari wowote kati yao. Wa pili unapoteza mistari 11 tu. Wa tatu pengine haupotezi zaidi ya mmoja, kama kijumbe ndiye aliyeletwa mwisho. Na mtu akipokea zamu yake kisha akakataa kuchangia, ni ule wa tatu unaoonyesha mlango gani utagongwa. Kwa hiyo anayeuliza "mtandao wa kikundi hiki ukoje?" bado hajauliza swali. Kwanza aseme kinachopita humo: fedha, habari, maradhi, au dhamana.

Kuanzia hapa kidoti tutakiita fundo na mstari tutauita uzi, maneno ambayo wavuvi wanayo tayari. Ila wavu wa mvuvi unadanganya kwa jambo moja: kila fundo lake limeshika majirani wanne, juu hadi chini. Mitandao ya watu, ya intaneti na ya ubongo haiko hivyo. Mafundo mengi yana nyuzi chache, na machache yamebeba nyingi mno. Ndiyo maana wastani wa nyuzi kwa kila fundo peke yake haufai kuandikwa kama jibu. Andikeni na mgawanyo wote: mafundo mangapi yana uzi mmoja, mangapi yana mbili, na kuendelea.

Mfano mdogo wa kukokotoa kwa kalamu: fundo moja katikati, manne pembeni yakiungana nalo tu. Wastani wa nyuzi ni 8 ÷ 5, yaani 1.6. Sasa kila mmoja aulizwe jirani yake ana nyuzi ngapi. Wanne wa pembeni watasema 4, wa katikati atasema 1: jumla 17, wastani 3.4. Kwa kawaida marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, na hiyo ni hesabu tu, wala si upungufu wako. Mwanasosholojia Scott Feld aliliandika jambo hili mwaka 1991. Faida yake ni kubwa kwa watu wa afya: chanjo zikiwa chache na hamna orodha ya nani anakutana na nani, chagueni watu kwa bahati nasibu, kila mmoja amtaje mtu mmoja anayekutana naye, kisha mchanjeni huyo aliyetajwa. Mtawafikia wenye nyuzi nyingi bila kuchora chochote.

Kukusanya data. Tengenezeni jedwali la safu tatu: kutoka, kwenda, uzito (kiasi gani au mara ngapi). Kila mtu apewe namba yake, kwa sababu katika shehia moja mnaweza kukutana na akina Khamis Juma watatu, na kompyuta itawafanya mtu mmoja maarufu sana. Majina ya utani yawekwe pembeni pamoja na namba ya nyumba. Swali liwe na tendo na muda: "Katika siku 30 zilizopita, nani alikukopesha fedha?" Mkiuliza "marafiki zako ni nani?", mtatajiwa wazee na wakubwa kwa heshima, na mtandao utatoka kama orodha ya waalikwa wa harusi. Msiweke kikomo cha "taja watatu", maana mwenye nyuzi 20 atatoka na 3, na lile fundo mlilokuwa mkilitafuta litatoweka. A akisema alimkopesha B, na B asimtaje A (mkopaji husahau upesi), amueni mapema mtafanyaje, kisha msibadilishe kanuni katikati.

Watakaotajwa wa nje nao waandikwe: shangazi aliye Mkoani kule Pemba, binamu aliye Dar es Salaam au Muscat. Vijana wengi huwafuta kwa kuwa "hawako kijijini". Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaoonana nao kwa nadra, kwani wa karibu wanajua tunayoyajua sisi. Mkulima wa mwani wa Paje akitegemea jirani zake tu, bei atakayosikia ni ile ile.

Idadi ya nyuzi pia si kipimo pekee cha umuhimu. Fundo lenye nyuzi mbili tu linaweza kubeba kila kitu. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari hadi Fumba. Hitilafu ilipotokea kwenye njia hiyo, mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 karibu miezi mitatu. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikazindua waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Mnapohesabu njia mbadala, tazameni pia ramani ya ardhi na bahari: nyaya mbili zinazopita njia moja ni waya mmoja mbele ya nanga.

Wanaokwenda upande wa ubongo wajue kwamba hapo fundo ni gumu zaidi kulichagua. Mnyoo Caenorhabditis elegans, wa milimita 1, ana seli za neva 302, na ramani ya jinsi zinavyoungana ilichapishwa mwaka 1986. Hata hivyo ramani pekee haikutosha kueleza anavyojiendesha, kwani uzi unaweza kuchochea au kuzuia. Kwa binadamu, mwenye seli za neva kama bilioni 86, picha za MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili) hutumia maeneo ya ubongo kama mafundo, na uzi ni kule kupanda na kushuka pamoja kwa ishara zake. Kupanda na kushuka pamoja huko hupimwa kwa namba, ambapo 1 ni kufanana kabisa, nanyi huamua kuanzia wapi kuna uzi: mkikata kwenye 0.3 mnapata mtandao mmoja, kwenye 0.5 mwingine. Onyesheni matokeo kwa viwango kadhaa. Na mgonjwa akitikisa kichwa, maeneo ya jirani huonekana yameungana kuliko yalivyo.

Programu zipo za bure: Gephi ya kuchora, NetworkX na igraph za kukokotoa. Anzeni na klabu ya karate ya Zachary, data maarufu ya mazoezi kuhusu urafiki wa wanachama wa klabu moja, mafundo 34 na nyuzi 78, ili mjue kama hesabu yenu inatoka sawa. Kisha kila mnapodai mtandao wenu una jambo la ajabu, changanyeni nyuzi mara 1,000 huku kila fundo likibaki na idadi yake ile ile, mpime tena. Jambo likijitokeza na katika mchanganyiko, limetokana na idadi za nyuzi tu.

Kibali cha utafiti na barua kwa sheha vitangulie. Mchoro msiubandike kijijini. Hata mkifuta majina yote, mwenye nyuzi 11 katika upatu ule, shehia nzima inamjua.