Kibuyu chirizi kinamaliza maji

SWALI: Nimetengeneza kibuyu chirizi (dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti) kando ya choo, lakini watoto wakinawa mara mbili tu dumu limekauka. Huku Newala maji tunanunua kwa ndoo. Nimekosea wapi? – Mama wa watoto wawili, Newala

JIBU: Tundu ni kubwa, karibu hakika. Wengi hutoboa kwa kisu. Chukua dumu jingine la lita 5, pasha moto msumari mwembamba, toboa tundu moja upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Maji yaishie chini ya tundu. Yakizidi hapo yatavuja hata dumu likiwa wima. Mti wa kuning'inizia dumu upite kwenye mpini, kamba ifungwe shingoni na ishuke hadi kijiti cha kukanyaga. Maji yakitoka kidogo kisha yakakata, legeza kifuniko: hewa haiingii.

Sabuni ya mche itoboe, itundike chini ya kopo lililopinduliwa, la sivyo mvua itaimaliza (na kuku wataidonoa). Isipokuwepo, tumia majivu makavu yaliyopoa, si mchanga. Mwaga changarawe chini pasiwe tope.