Kupakia Si Kuwasilisha: Kwa Wadogo Zangu wa Mwaka wa Kwanza

Asaimenti yangu ya kwanza chuoni ilipata sifuri, ingawa niliimaliza siku mbili kabla ya muda. Niliipakia kwenye mfumo wa chuo wa kupokea kazi mtandaoni, nikaona jina la faili limekaa panapotakiwa, nikafunga kompyuta nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Matokeo yalipotoka, jina langu halikuwa na alama. Nikamfuata mhadhiri, naye akaigeuza skrini yake nione mwenyewe: rasimu, haijawasilishwa. Chini ya faili kulikuwa na kitufe cha pili, na mimi sikuwa nimeshuka hadi mwisho wa ukurasa.

Mfumo kama Moodle humpa mhadhiri uhuru wa kuchagua: faili likishapakiwa lihesabike papo hapo, au libaki rasimu mpaka mwanafunzi athibitishe. Ndiyo maana somo moja hutaka ubonyeze mara moja, na jingine, chuo hicho hicho, mara mbili. Usikariri njia uliyoonyeshwa na rafiki yako wa kozi nyingine. Soma neno lililoandikwa kwenye hali ya kazi yako. Kisha toka kwenye akaunti, ingia upya, ufungue faili lililoko ndani ya mfumo, si lile la kwenye kompyuta yako.

Hilo la kufungua faili naona wengi wanalipuuza, na mimi nalisisitiza kwa sababu. Ukiwa umefungua kazi kwenye Word, programu hutengeneza kifaili kidogo kilichofichwa kando yake, chenye jina linaloanza na alama ~$. Kwa kawaida hukioni. Lakini hamishia folda nzima kwenye flashi, ifungulie kwenye simu, na unaweza kukiona kimekaa kwenye orodha kama ndiyo kazi yenyewe. Hakifiki hata kilobaiti 1. Nimemwona mtu akikipakia, mfumo ukakipokea bila kinyongo, na mhadhiri akapata kitu kisichofunguka. Kwa hiyo tazama ukubwa wa faili kabla na baada ya kulipakia. Kurasa kumi na tano haziwezi kuwa na uzito wa sentensi moja.

Saa nayo ina mitego, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada. Mfumo ukiandika 23:59, hiyo ni saa 5:59 usiku, hapo hakuna ubishi. Ugomvi uko kwenye 00:00. "Ijumaa, 00:00" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, pale Alhamisi inapokata roho. Aliyepanga kumalizia kazi yake Ijumaa mchana atakuta mlango umefungwa tangu usiku. Halafu kuna 12:00 PM, ambayo ni saa sita mchana, na 12:00 AM, ambayo ni saa sita usiku. Mtu mwenye haraka akiona hiyo 12 anaweza kuisoma saa kumi na mbili jioni, akajipa saa sita ambazo hana. Andika muda wa mwisho kwenye daftari lako kwa maneno: Alhamisi, saa sita kasoro usiku. Maneno hayana AM wala PM.

Angalia pia ukanda wa saa kwenye wasifu wa akaunti yako, hasa ukisoma ukiwa nchi nyingine, maana saa unayoonyeshwa na mfumo inaweza isiwe ya ukutani kwako. Vilevile kuna tarehe mbili. Moja ni ya kuwasilisha, na ukiipita kazi inapokelewa lakini inaandikwa umechelewa. Ya pili ni ya kufunga, na ukiipita hakuna kitufe tena. Muulize mhadhiri mapema kama somo lake linazo zote mbili.

Kwa wanaopitishiwa kazi Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi ya wengine: PDF iliyotengenezwa kwa kupiga picha karatasi haitasomeka, kwa sababu mashine inatafuta maandishi yanayoweza kuchaguliwa kwa kipanya. Jaribu kuchagua mstari mmoja, ukigoma basi ulichonacho ni picha. Ukiruhusiwa kuwasilisha tena na tena ili uone ripoti ya mfanano, ripoti za majaribio matatu ya mwanzo huja upesi, na baada ya hapo kila mpya husubiri saa 24. Waliochezea majaribio yao siku ya mwisho wanajua uchungu wake. Na asilimia ya mfanano peke yake si hukumu ya wizi, maana hata orodha yako ya marejeo inaweza kuhesabiwa humo.

Itafika siku mfumo ukwame kweli. Darasa zima linaingia nusu saa ya mwisho, kiduara kinazunguka, na wewe unabonyeza mara ishirini. Acha. Nakili maneno ya hitilafu kama yalivyo, piga picha ya skrini nzima huku saa na tarehe vikionekana, jaribu kivinjari kingine mara moja, kisha mwandikie mhadhiri kabla muda haujaisha na uambatishe kazi yenyewe. Barua iwe fupi: jina, namba ya usajili, somo, saa uliyojaribu, kilichotokea. Nakala kwa kitengo cha TEHAMA. Malalamiko kuhusu chuo yaache kwa siku nyingine. Barua yenye kiambatisho iliyotumwa saa 5:40 usiku inaonyesha kazi ilikuwa tayari. Ya kesho yake asubuhi, hata ikiwa na machozi, inaonyesha tu kwamba una majuto.

Baada ya kuituma, usiliguse tena faili ulilotuma. Ukilifungua ukarekebisha herufi moja na kulihifadhi, tarehe ya mabadiliko inavuka muda wa mwisho, na ushahidi wako unaanza kukugeuka. Kama kosa linakuwasha, nakili faili, lipe jina jingine, hangaika na hilo.